Mzee Greda Arudi Kazini

Mzee Greda alitoweka asubuhi, binti yake akiwa na pini mdomoni.

Binti huyo alikuwa mshonaji, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa duka lake: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na vitambaa vilivyopangwa kufikia karibu na dari. Asubuhi hiyo alikuwa amepiga magoti mbele ya mteja asiyetaka kuambiwa kwamba amenenepa, akijaribu kulegeza gauni kiunoni bila kulitaja neno lenyewe. Baba yake alikuwa barazani na kikombe chake cha chai. Mshonaji alimwona mgongo kupitia mlango uliokuwa wazi. Akainama kubana upindo, akainuka, mgongo haupo.

"Baba?" akaita, na kwa sababu ya zile pini sauti ikatoka kama ya mtu anayetafuna.

Kikombe kilikuwa juu ya kiti, chai imebaki nusu. Buti za kazi, zile ambazo mzee alikataa katakata zisitupwe, hazikuwa chini ya dirisha. Kizibao chake cha rangi ya chungwa chenye mistari inayong'aa hakikuwa msumarini. Na geti lilikuwa wazi.

Greda halikuwa jina lake la kuzaliwa. Lilikuwa jina la mashine ya kusawazisha barabara aliyoiendesha maisha yake yote ya kazi kwenye barabara ya mkoa, ile inayoanzia mji wao, ikapita katikati ya mashamba, ikapanda vilima na kuishia kwenye stesheni ya reli. Aliingia kazini barabara ikiwa ya changarawe, akastaafu ikiwa ya lami. Alizijua kona zake, mitaro yake na kila bomba lililopitisha maji chini yake. Kisha mkewe akafariki, na akili yake ikaanza kumponyoka kidogo kidogo. Kwanza yalikwenda majina ya watu. Halafu siku za wiki. Mara nyingine alimwita bintiye kwa jina la marehemu mama yake, na binti akaitika, maana kumsahihisha kulimtia mzee aibu ya bure.

Mdogo wake Mshonaji, mtoto wa kiume wa nyumba ile, alikuwa msimamizi wa kituo cha mafuta kule stesheni, mwisho wa pili wa barabara. Mara ya mwisho alipokuja kuwatembelea alileta kufuli jipya, akaliweka juu ya meza ya kukatia.

"La geti," alisema.

"Baba yangu si mbuzi," Mshonaji alimjibu.

"Sawa. Siku akipotea usinipigie mimi simu."

Waliagana kwa ubaridi, na tangu siku ile walikuwa wakiandikiana ujumbe tu, mfupimfupi, wa dawa na wa hali ya mgonjwa.

Sasa Mshonaji alimwacha mteja wake na pini kiunoni, akatoka mbio. Aliuliza kwa kinyozi, akauliza bombani kwa wanaochota maji, akachungulia hata msalani kwa jirani. Hakuna aliyemwona. Alikuwa amesimama barabarani, mikono kichwani, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni, pale pikapu ya jirani yake ilipofunga breki mbele yake.

Jirani huyo waliyemwita Mama Mayai alikuwa mjane wa makamo, mwenye gari kuukuu na mdomo usiopumzika. Kazi yake ilikuwa kusambaza mayai kwenye vibanda vya njia panda zote hadi vilimani, na kwa sababu ya mzigo huo aliendesha polepole mno. Waendesha baiskeli walimpita wakimpungia mkono.

"Kuna nini, mwanangu? Uso huo vipi?"

"Baba hayupo. Amevaa buti na kizibao."

"Amevaa nguo za kazi? Basi amekwenda kazini. Panda."

"Na mayai yako, mama?"

"Mayai hayana baba anayepotea. Panda, nimesema!"

Njia panda ya kwanza ukitoka mjini ni ya kinu, pale barabara ya vumbi ya vijijini inapoingia kwenye lami. Mwenye kinu alitoka mlangoni mweupe kwa unga hadi kwenye kope.

"Greda?" alisema. "Nimemwona. Amepanda gari la maziwa, tena mbele kabisa, kama bosi. Nikamuuliza, mzee, safari ya wapi? Akasema anakwenda kazini, amechelewa. Nikacheka. Nilidhani ananitania kama zamani." Kicheko kikamfia usoni alipoona futi ya kupimia na miguu ya Mshonaji isiyo na viatu. "Kumbe hayuko sawa?"

"Hayuko sawa, kaka."

"Mungu wangu. Na mimi ndiye niliyemfungia mlango wa gari."

Hapo Mshonaji hakuwa na la kufanya ila kumpigia mdogo wake. Alisikia mlio wa pampu na honi za malori, kisha sauti yake.

"Dada, nilikuambia."

"Uliniambia. Sasa nisaidie kumtafuta, halafu ukishampata uniambie tena, hata kutwa nzima."

Alimsikia akivuta pumzi.

"Amekwenda upande gani?"

"Huko kwako. Yuko kwenye gari la maziwa."

"Natoka sasa hivi na pikipiki. Wewe njoo kutoka huko, mimi nije kutoka huku. Barabara ni hiyo hiyo moja. Tutambana katikati."

Mama Mayai akakanyaga mafuta kwa namna ambayo pikapu ile haikuwa imeizoea. Nyuma trei zikaanza kugongana. Kila walipoingia shimo alitikisa kichwa, akasema, "Hayo tayari ni keki," na asipunguze mwendo. Mshonaji, pamoja na hofu yote, akajikuta anacheka, na kicheko kikageuka machozi. Mama Mayai hakumwambia anyamaze. Alimpa kitambaa cha kufutia kioo cha gari, akaendelea kulalamikia mashimo.

Kwenye njia panda ya shule ya viziwi walimkuta muuza machungwa, mwanamke mrefu aliyekuwa akipanga matunda yake mafungu mafungu juu ya gunia.

"Huyo babu wa kizibao? Ni wa kwenu?" aliuliza kwa hasira. "Gari la maziwa limesimama hapa kupakia madumu ya shule. Akashuka, akaangalia huu mtaro, akanigombeza! Eti umeziba, eti nitafukuzwa kazi. Nikamwambia mzee wangu, mimi nauza machungwa, mtaro si wangu. Akasema, 'Kila mtu hapa anasema si wake.'"

"Kisha?"

"Dereva akamwita akapanda, akaenda zake." Kisha sauti yake ikalainika. "Lakini alikuwa na adabu. Alinunua chungwa, akalisahau palepale. Mchukulieni."

Alimpa Mshonaji lile chungwa, na Mshonaji akalishika mkononi njia nzima bila kujua amelishika.

Mbele ya hapo kuna mizani ya malori. Ni eneo pana la zege lenye kibanda cha vioo, foleni ya malori yanayonguruma na madereva wanaobishana. Karani wa mizani alikuwa dada kijana mwenye miwani. Alipoulizwa tu habari za mzee, akavua miwani na kuanza kuifuta, ingawa haikuwa chafu.

"Alishuka hapa. Dereva wa maziwa alisema amekataa kuendelea, anasema ameshafika. Akaingia kibandani akaniuliza kambi iko wapi. Kambi gani, nikamuuliza. Akasema kambi ya barabara, mke wangu yuko pale na mtoto. Nikamwambia babu, hapa hakujawahi kuwa na kambi, hapa ni mizani. Akaniangalia kama mimi ndiye niliyepotea." Alisita. "Nilimpa maji. Nilimketisha pale kivulini. Halafu lori moja likazidi uzito, dereva akaanza kelele, nikatoka kidogo tu. Niliporudi kiti kilikuwa kitupu. Nisamehe, dada. Ningejua nisingemwacha."

"Hata mimi nimemwacha kidogo tu," Mshonaji alisema. "Alielekea wapi?"

"Dereva mmoja alisema kamwona akitembea pembezoni, kuelekea huko vilimani."

Walikwenda polepole sasa, Mama Mayai akiangalia upande wake na Mshonaji upande wake. Jua lilikuwa limekuwa kali na lami ilianza kumeremeta kama imemwagiwa maji. Waliangalia chini ya madaraja, waliangalia vichakani. Waliwaona vibarua wakifyeka majani, moyo wa Mshonaji ukaruka kwa sababu ya vizibao vyao, kisha ukatua. Hakuwamo.

Kisha wakaona pikipiki inakuja. Mdogo wake alizima injini, akavua helmeti. Uso wake ulikuwa umejaa vumbi ila pale miwani ilipokuwa.

"Vipi?"

"Vipi wewe?"

"Hayuko huko nilikotoka. Nimesimama kila njia panda. Nimeuliza kila mtu."

"Na huku hayupo."

Wakatazamana. Barabara yote ilikuwa imekwisha, na baba yao hakuwa juu yake.

Hofu ina tabia ya kutafuta mtu wa kumlaumu, na wale wawili hawakuhitaji kwenda mbali.

"Kufuli la bei ndogo tu, dada," mdogo wake alisema. "La kufunga geti. Sasa ni malori haya yote, na yeye anatembea katikati yake."

"Ungelifunga wewe? Ungebaki na funguo, ukamsikia akitikisa geti kutwa nzima akiita watu wamfungulie? Wewe unakuja, unakaa nusu siku, unaondoka!"

"Naondoka kwa sababu nina kazi!"

"Na mimi ninachofanya ni mchezo?"

"Wewe angalau ulikuwa naye!" alipaza sauti, na hapo hata Mama Mayai akaacha kuhesabu mayai mazima. "Wewe uliishi naye kambini. Ulibebwa juu ya hiyo greda. Mimi nilizaliwa mama alipohamia mjini. Baba yangu nilimjua kwa vumbi. Akija, analeta vumbi. Akiondoka, mama anafagia vumbi. Ndiye baba niliyekuwa naye. Barabara ilimla mzima, na leo bado anaitafuta."

Neno moja lilikuwa limemshika Mshonaji. Kambini.

Alikuwa mtoto mdogo wakati huo, lakini vitu vingine havifutiki. Alikumbuka mabanda ya mabati. Alikumbuka kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti, ambacho msimamizi alikigonga asubuhi kuita watu kazini na jioni kuwaambia waache. Na alikumbuka barabara ikishuka kuja kambini kati ya miti, miti mirefu yenye magome yanayobanduka, iliyopandwa kwa mstari upande mmoja ili kuzuia upepo.

Aligeuka taratibu akiangalia vilima. Hapa barabara ilikuwa imenyooka kama kamba. Mkono wa kushoto kulikuwa na mashamba ya mahindi, na nyuma ya mashamba, mbali kidogo, mikaratusi mirefu ilisimama kwa mstari, ikapanda kilima, ikapinda na kupotea.

"Nani anapanda miti namna ile katikati ya mahindi?" aliuliza.

"Ipi?" mdogo wake alisema, bado ana hasira.

"Ile. Ile haikupandwa shambani. Ilipandwa kando ya barabara. Mdogo wangu, barabara haikupita hapa! Walikuja kuinyoosha baadaye. Ya zamani ilizunguka kule, kwenye ile miti. Baba hajapotea. Ameifuata barabara yake."

Mama Mayai akashangaa. "Miaka yote hii napita hapa, mimi barabara naijua hii tu."

Walirudi nyuma hadi wakaipata njia panda yenyewe. Usingeiona bila kuambiwa. Ilikuwa nyuma ya kibao kikubwa cha tangazo la sabuni. Mdomo wa barabara ya zamani ulikuwa umefungwa kwa rundo la udongo, majani yameota juu yake, na katikati ya majani kulikuwa na kijia chembamba cha waendao shambani. Kwenye udongo laini kulikuwa na alama za buti.

Waliiacha pikapu na pikipiki, wakaingia kwa miguu. Mama Mayai alikataa kubaki, akaja nyuma yao akihema na kulaani viatu vyake. Chini ya majani changarawe bado ilikuwepo, ngumu, imelala vizuri, imeinuka katikati na kushuka pembeni ili maji yasikae. Mdogo wake Mshonaji alikuwa wa kwanza kuisikia ile sauti mbele yao: kwa, kwa, kwa. Jembe.

Kulikuwa na daraja dogo la mawe, na kando yake shamba la maharage. Mwanamke mkulima alikuwa amekaa ukingoni mwa daraja, kanga begani, anamenya karanga na kuzila moja moja. Chini, ndani ya mtaro, amezama hadi magotini, alikuwa Mzee Greda. Kizibao chake kiling'aa. Jembe lilikuwa la yule mwanamke.

"Nyie ndio wenyewe?" mwanamke aliuliza kwa sauti ya chini. "Nashukuru. Nimeogopa kumwacha. Alifika hapa akaniomba jembe kwa heshima zote. Nikaona nisibishane naye, nikakaa nimwangalie, maana jua hili, na umri ule. Maji amekunywa. Karanga amekula." Akatabasamu kidogo. "Na mtaro huu ulikuwa unanimwagia maji shambani kila mvua. Sasa angalia."

Mshonaji alishuka hadi kwenye mtaro. "Baba," alisema.

Mzee akainua kichwa. Uso ulikuwa umelowa jasho kwa joto, lakini ulikuwa na utulivu ambao Mshonaji hakuwa ameuona tangu msiba. Akamtazama, akamwita kwa jina la mama yao.

"Umemwacha mtoto na nani?"

"Yuko salama," Mshonaji alisema. "Amelala."

"Haya. Nisubiri, namalizia." Kisha akamwona mwanawe amesimama juu ya daraja, helmeti mkononi. Akamkagua kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vilivyong'aa. "Na huyu? Ndiye kibarua mpya?"

Mshonaji alimtazama mdogo wake kwa hofu. Alijua jinsi jambo hili lilivyomuuma. Kila alipokuja nyumbani alijaribu kumkumbusha baba yake: mimi ni mwanao, baba, nitazame vizuri. Na kila mara mzee alichoka, akakasirika, akageukia ukuta.

Safari hii mdogo wake hakujaribu kumkumbusha. Kisha akaiweka helmeti juu ya jiwe, akavua viatu na soksi, akakunja suruali.

"Ndiyo, mzee," alisema. "Ndiye mimi. Samahani, nimechelewa."

"Wote mnachelewa. Shuka."

Mkulima akamletea jembe la pili, naye kijana akashuka. Mzee alimwangalia akipiga jembe mara mbili, akaguna.

"Siyo hivyo. Unachimba kaburi? Huu ni mtaro. Mkono wa nyuma uachie kidogo. Jembe lianguke lenyewe, wewe unaliongoza tu. Hivi." Akamshika mikono, akaisogeza kwenye mpini, ya mwanawe laini na yake ngumu kama gome. "Sasa piga. Ndiyo. Umeona?"

Walifanya kazi bega kwa bega. Mshonaji akapanda kukaa na wale wanawake wawili, wakamenya karanga. Tope lilitoka na mizizi. Maji yaliyokuwa yametuama nyuma ya majani yakaanza kupata njia.

"Una mkono mzuri," mzee alisema baada ya muda. "Una watoto?"

"Bado, mzee."

"Ukipata, usifanye kazi hii. Mimi ninao wawili. Msichana yuko hapa kambini. Halafu kuna wa kiume, mdogo, yuko mjini na mama yake." Hakuona kwamba ameshachanganya mambo, mkewe kambini na mkewe mjini kwa wakati mmoja. Alipumzika juu ya mpini. "Yule ananiogopa. Nikifika nyumbani anajificha nyuma ya mlango. Hanijui. Ananiona kama mgeni. Basi mimi usiku hukaa kwenye greda nikapanga maneno ya kumwambia nikienda. Nikifika, yote yanapotea. Nampa peremende, basi. Mtu mzima mimi, nashindwa kuzungumza na mtoto."

Jembe la mwanawe lilikuwa limesimama.

"Maneno gani, mzee?" aliuliza.

"Aah." Mzee alifuta jasho kwa mkono. "Ningemwambia kila mahali nilipo kwenye barabara hii, namhesabia. Hapa nikimaliza, nimekaribia nyumbani. Pale nikimaliza, nimekaribia zaidi. Mtoto hataelewa, lakini ningemwambia." Akageuka, akamwona kijana amejiinamia juu ya jembe. "We, vipi? Jua limekupiga?"

"Tope limeingia jichoni."

"Usilisugue. Acha litoke lenyewe."

Akalifuata neno la baba yake. Aliacha litoke, na lilitoka kwa muda mrefu, na mzee akaendelea kupiga jembe kwa heshima ya mtu asiyetaka kumwangalia mwenzake akiwa katika hali ile.

Alasiri ilipoanza kusogea ikawa shida kumtoa. Walimbembeleza, akakataa, bado kulikuwa na upande wa pili. Miguu yake ilikuwa inatetemeka na midomo imekauka, lakini kila aliyemshika mkono alisukumwa. Mdogo wake alimtazama dada yake: tufanyeje? Mshonaji akakumbuka ile reli ya kambini. Kisha akaokota jiwe, akachukua jembe aliloliweka chini mdogo wake, akalinyanyua kwa mpini na kuligonga kwenye chuma. Ngee. Ngee. Ngee.

Mzee Greda akanyooka papo hapo. Akapangusa jembe kwa majani, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili, akamshukuru.

"Kazi imeisha," aliwaambia. "Twendeni."

Alikaa mbele kwenye pikapu, kati ya Mama Mayai na binti yake, akalala kabla hawajafika mizani. Karani wa mizani alitoka mbio kibandani, akamwona, akaweka mkono kifuani. Muuza machungwa aliwapungia mkono. Mwenye kinu aliwasimamisha na kuchungulia dirishani kuhakikisha kwa macho yake. Mdogo wake Mshonaji aliwafuata nyuma kwa pikipiki hadi nyumbani, na kati ya mayai yaliyosalimika walikaangiwa wote chakula cha jioni.

Mambo hayakunyooka mara moja. Mshonaji alikubali kwamba geti haliwezi kubaki vile, akamwita fundi akaweka komeo la juu, lenye kengele, ambalo mzee hakuweza kulifungua haraka. Kufuli hakulitaka, na mdogo wake hakulitaja tena. Yeye mwenyewe alirudi katika kila njia panda, akashuka kwenye pikipiki, akazungumza na watu: huyu mzee ni baba yangu, akionekana msimzuie kwa nguvu, mketisheni tu, mnipigie. Haikuwa kazi bure. Kabla ya mvua mzee aliponyoka tena, na kabla Mshonaji hajamaliza kuvaa viatu simu ikalia. Alikuwa mwenye kinu.

"Usikimbie, dada. Yuko hapa kwangu, amekaa kwenye gunia la pumba, ananieleza jinsi nilivyokosea kujenga mlango."

Na kila siku ya mapumziko mdogo wake alikuja. Alimvalisha baba yake helmeti, akamfunga buti, wakaenda wawili hadi nyuma ya kile kibao cha sabuni. Waliusafisha ule mtaro, wakaanza mwingine. Mkulima aliwawekea majembe yao kwenye kibanda chake, na mwaka ule maharage yake hayakusombwa. Mzee hakuwahi tena kumwita mwanawe kwa jina lake. Kwake alibaki kibarua mpya, japo siku nyingine alimpandisha cheo akawa kibarua mzuri.

Jioni moja, wamekaa barazani, mzee amelala ndani, Mshonaji alimuuliza mdogo wake kama bado inamuuma.

"Inauma," alisema. Alikuwa anakwangua tope kwenye kucha kwa njiti ya kiberiti. "Leo amenisimulia tena habari za mwanawe. Alisema amemnunulia viatu, ila hajui kipimo cha mguu wake. Akaniuliza mimi, eti mtoto wa umri ule huvaa namba ngapi."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia anunue vikubwa kidogo. Atakua navyo."

Mshonaji akasogeza kiti chake karibu na cha mdogo wake, akamkabidhi sindano aliyoshindwa kuitunga kwa sababu ya giza lililoanza kuingia, na yeye akaitunga.